Antivairasi iliyokuja na Windows inatosha?

Swali hili naulizwa kila mara hapa Masasi, na nikipanda Newala ni lile lile: "Kaka, ninunue antivairasi au hii iliyokuja na Windows inatosha?" Kwa kompyuta ya nyumbani inatosha, ila kwa masharti. Ukiyapuuza, hata ya kulipia haitakuokoa.

Kwanza jua una Windows gani. Defender ya Vista na ya Windows 7 ilikamata programu za kipelelezi tu, ndiyo maana enzi zile kila mtu alihangaika na Avast au AVG. Mwaka 2009 Microsoft walitoa Security Essentials bure, na kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012 Defender ikawa antivairasi kamili. Siku hizi maabara ya AV-TEST ya Ujerumani huipa alama za juu kama zile za kulipia. Kwa hiyo mwenye laptopu ya mtumba yenye Windows 7 asijidanganye. Hiyo Windows iliacha kutunzwa Januari 14, 2020.

SHARTI LA 1: Iwe na apdeti. Najua bando ni hela. Basi ukiwa kafe pakua faili la mpam-fe.exe kutoka tovuti ya Microsoft (linazidi MB 100), liweke kwenye flashi, ukifika nyumbani iskani flashi kwanza halafu libofye mara mbili. Windows yenyewe pia inataka apdeti. Virusi vya WannaCry vya Mei 2017 vilipitia tundu ambalo Microsoft walikuwa wamelitolea kiraka tangu Machi. Windows 10 nayo utunzaji wake wa kawaida uliisha Oktoba 14, 2025. Hapo mlinzi yupo mlangoni lakini ukuta una tundu.

SHARTI LA 2: Usiizime. Programu nyingi za kukraki Windows na Office zinakwambia uzime Defender kwanza. Mwizi gani anabisha hodi akiomba ufunge mbwa, nawe ukakubali? Na usirundike antivairasi. Ukiweka nyingine Defender hujiweka pembeni, na ukiweka mbili za kampuni tofauti zinagombana, mashine inakuwa nzito.

SHARTI LA 3: Chunga flashi. Huku kwetu virusi vingi havitoki mtandaoni, vinapanda gari na flashi kutoka stationery moja hadi nyingine. Ukikuta mafolda yote yamegeuka shortcut, usibofye hata moja na usifomati! Mafaili yako yapo, yamefichwa tu. Skani flashi kwa Defender, kisha fungua cmd uandike hivi (badala ya G weka herufi ya flashi yako):

attrib -h -r -s /s /d G:\*.*

Yatarudi.

ISICHOWEZA: Defender ya nyumbani haikulindi ukiandika neno la siri kwenye mashine ya kafe yenye programu inayorekodi unachobonyeza. Mambo ya benki na ya simu usiyafungulie huko, na email ukimaliza toka kabisa. Pia haikuzuii kumtajia tapeli namba yako ya siri kwa mdomo wako.

Na vipo virusi vinavyofunga mafaili na kudai malipo. Vikishamaliza kazi, antivairasi inafuta kirusi lakini mara nyingi mafaili hayafunguki tena. Fikiria CV na vyeti ulivyoskani vya kuombea kazi, au hesabu za AMCOS katikati ya msimu wa korosho. Kinga yake ni nakala ya pili kwenye flashi au diski ambayo HAIKAI imechomekwa. Pesa uliyotaka kununulia antivairasi, nunulia hiyo diski.

Mwenye swali aulize hapo chini, ila taja Windows yako ni ipi.