Kusimama kwa ligi za soka na matangazo ya televisheni ya wikendi

Kusimama kwa ligi ya soka ni hali ambapo mechi zilizopangwa hazichezwi kwa muda, kwa sababu wachezaji wamegoma, wamiliki wa klabu wamewafungia nje wachezaji, klabu imekataa kupeleka timu uwanjani, au serikali imezuia michezo. Hali hiyo huathiri moja kwa moja vituo vya televisheni, kwa kuwa sehemu kubwa ya vipindi vya Jumamosi na Jumapili hujengwa juu ya mechi za moja kwa moja. Kituo kinaweza kumiliki kamera, studio na watangazaji, lakini hakimiliki mchezo wenyewe.

Nchini Tanzania, pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba, ligi haijawahi kusimamishwa kwa muda mrefu na mgomo wa wachezaji wote. Hata hivyo, watazamaji wamekosa mpira wa wikendi kwa sababu nyingine, hasa mwaka 2020 wakati wa janga la UVIKO-19, na mwaka 2021 na 2025 wakati mechi za watani wa jadi Simba na Yanga zilipoahirishwa siku ileile zilipotarajiwa kuchezwa.

== Ratiba ya wikendi ==

Watazamaji wa Zanzibar hufuata ligi zaidi ya moja. Visiwa vina Ligi Kuu ya Zanzibar, inayosimamiwa na Shirikisho la Mpira wa Miguu Zanzibar (ZFF), lakini wengi hushabikia pia Simba na Yanga za Ligi Kuu ya Tanzania Bara pamoja na klabu za Ulaya, hasa za Uingereza. Ligi ya Bara huoneshwa na Azam TV, na Ligi Kuu ya Uingereza huonekana kupitia SuperSport katika king'amuzi cha DStv.

Saa za mechi hupangwa na wenye ligi. Mechi inayoanza saa 9 alasiri nchini Uingereza huonekana Zanzibar saa 11 jioni wakati wa majira ya joto ya Ulaya, na saa 12 jioni wakati wa majira ya baridi, karibu na sala ya magharibi. Kwa kawaida mechi hizo za saa 9 za Jumamosi haziruhusiwi kuoneshwa moja kwa moja ndani ya Uingereza yenyewe, ili watu waendelee kwenda viwanjani. Kwa hiyo mtazamaji wa Unguja huweza kuona mechi ambayo mkazi wa London haoni katika televisheni yake.

== Haki za matangazo ==

Kituo hununua haki za kuonesha ligi kwa miaka kadhaa, kisha hutafuta kurudisha fedha hizo kwa ada za vifurushi na kwa matangazo ya biashara. Mei 2021 Azam Media ilisaini na Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa ajili ya Ligi Kuu ya Bara.

Mechi zisipochezwa, swali la kwanza ni nani anayebeba hasara. Ikiwa kituo kinaendelea kulipa, klabu zina uwezo wa kusubiri muda mrefu kuliko wachezaji. Ikiwa malipo yanakoma, klabu hukosa mishahara ya kulipa na hulazimika kutafuta suluhu haraka. Kwa sababu hiyo kipengele cha malipo wakati wa kusimama kwa ligi ni kati ya vipengele vyenye uzito mkubwa katika mikataba ya aina hii.

== Migomo ya wachezaji duniani ==

=== Marekani ===

Mifano inayojulikana zaidi inatoka NFL, ligi ya mpira wa miguu wa Kimarekani, mchezo tofauti na soka. Mwaka 1982 wachezaji waligoma kwa siku 57, na msimu ukapunguzwa kutoka mechi 16 hadi 9 kwa kila timu. Vituo vilijaza Jumapili kwa njia mbalimbali: NBC ilionesha mechi za ligi ya Kanada, na CBS ilionesha mechi za vyuo vidogo na marudio ya mechi za zamani.

Mwaka 1987 wachezaji waligoma tena, kwa siku 24. Safari hii wamiliki walifuta mechi za wiki moja tu, kisha wakaajiri wachezaji mbadala kwa wiki tatu. Mechi hizo zilioneshwa na televisheni na zikahesabiwa katika msimamo. Wamiliki wakawa na mchezo wa kuuza, na mgomo ukavunjika bila wachezaji kupata mkataba waliotaka.

Mwaka 2011 wamiliki ndio waliowafungia nje wachezaji. Kabla ya hapo walikuwa wamepanga na vituo kuendelea kulipwa takriban dola bilioni 4 hata kama mechi zisingechezwa. Machi 2011 Jaji David Doty aliamua kwamba NFL ilikiuka makubaliano yake na wachezaji kwa kupanga malipo hayo kwa faida yake peke yake. Mgogoro ulimalizika Julai, kabla ya mechi yoyote ya msimu kupotea.

=== Ulaya ===

Nchini Uingereza chama cha wachezaji (PFA) kilidai mwaka 2001 sehemu kubwa zaidi ya fedha za televisheni, ambazo hutumia kusaidia wachezaji walioumia au waliostaafu. Asilimia 99 ya waliopiga kura walikubali mgomo. Mpango haukuwa kuacha mechi zote, bali kukataa kucheza mechi zenye kamera za televisheni. Makubaliano yalifikiwa Novemba 2001 na mgomo haukufanyika.

Agosti 2011 ligi mbili kubwa zilichelewa kuanza. Nchini Hispania raundi ya kwanza iliahirishwa kwa sababu ya mishahara: wachezaji zaidi ya 200 walikuwa wakidai klabu zao takriban yuro milioni 50. Wiki moja baadaye Italia nayo ilikosa raundi yake ya kwanza kwa mzozo kuhusu mkataba wa pamoja wa wachezaji. Mwaka 2015 mgomo mwingine ulitangazwa Hispania kuhusu sheria mpya ya kugawana fedha za televisheni, lakini mahakama iliusimamisha siku mbili kabla ya kuanza.

== Afrika Mashariki ==

=== Mwaka 2020 ===

Ligi Kuu ya Uingereza ilisimama tarehe 13 Machi 2020. Tarehe 17 Machi Waziri Mkuu wa Tanzania, Kassim Majaliwa, alitangaza kuzuiwa kwa mikusanyiko ikiwemo michezo. Hivyo ligi ya nyumbani na ligi za nje zilikosekana kwa wakati mmoja, jambo ambalo mgomo wa nchi moja hauwezi kuleta. Burundi iliendelea kucheza wakati majirani wake wamesimama, na ligi ya Belarus, ambayo haikusimama, ilipata wanunuzi wa matangazo katika nchi ambazo hazikuwahi kuionesha.

Ligi ya Ujerumani ilirudi tarehe 16 Mei. Rais John Magufuli aliruhusu michezo kuanzia tarehe 1 Juni, na Ligi Kuu ya Bara ikaendelea tarehe 13 Juni, siku nne kabla ya ile ya Uingereza. Mechi zote 92 zilizobaki za Uingereza zilioneshwa moja kwa moja, katika viwanja bila mashabiki, na vituo viliongeza sauti za mashabiki zilizorekodiwa.

=== Mechi za watani wa jadi ===

Tarehe 8 Mei 2021, siku ya Jumamosi, mechi ya Simba na Yanga ilipangwa kuanza saa 11 jioni katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Siku hiyohiyo ilitangazwa kwamba imesogezwa hadi saa 1 usiku. Yanga ilifika uwanjani kwa saa ya awali kisha ikaondoka, na Simba ilifika kwa saa mpya. Mechi ilichezwa tarehe 3 Julai, na Yanga ilishinda 1-0.

Jambo la kufanana lilitokea Jumamosi ya tarehe 8 Machi 2025, ndani ya mwezi wa Ramadhani. Simba ilitangaza kwamba haitacheza, ikieleza kuwa ilizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku uliotangulia. Bodi ya Ligi iliahirisha mechi, na Yanga ilipinga uamuzi huo. Mechi ilichezwa Jumatano ya tarehe 25 Juni 2025, na Yanga ilishinda 2-0 na kutwaa ubingwa.

Katika ligi ya timu 16 kuna mechi 240 kwa msimu, na mechi za watani ni mbili tu. Hata hivyo hizo mbili huvuta watazamaji kuliko nyingine yoyote, na kukosekana kwa moja huacha pengo lisilozibwa na mechi ya timu nyingine.

=== Kenya ===

Nchini Kenya mwaka 2017 SuperSport ilivunja mkataba wake na Ligi Kuu baada ya mvutano kuhusu kuongeza timu kutoka 16 hadi 18. Hapo mpira uliendelea kuchezwa, lakini televisheni iliondoka pamoja na fedha zake.

== Watazamaji wa vijijini ==

Matemwe ni kijiji cha pwani ya kaskazini-mashariki ya Unguja, katika Wilaya ya Kaskazini A, kinachotazamana na kisiwa cha Mnemba. Wakazi wake wengi huishi kwa uvuvi, kilimo cha mwani na kazi za utalii. Katika vijiji vya namna hii si kila nyumba ina kifurushi cha michezo, na watu wengi hutazama mpira kwa pamoja, barazani kwa jirani au katika mabanda ya kuoneshea mpira, yanayojulikana Tanzania kama vibanda umiza. Mwenye banda hulipia king'amuzi na umeme, huandika mechi za siku kwenye ubao wa chaki, na hutoza kiingilio kidogo.

Mwenye banda ndiye wa mwisho katika mnyororo wa fedha za matangazo. Kifurushi amekilipia kwa mwezi mzima, lakini kiingilio hukipata kwa mechi moja moja. Ligi ikisimama, gharama hubaki na mapato hukoma. Wauza kahawa, kashata na urojo wanaokaa nje ya banda nao hukosa wateja. Tofauti na kituo kikubwa, mwenye banda hana mkataba unaotaja fidia.

Unguja ina pia mfano wa upande wa pili, mpira kuchezwa bila kuonekana. Kisiwa kilikosa umeme kwa takriban mwezi mmoja kuanzia tarehe 21 Mei 2008, siku ya fainali ya Ligi ya Mabingwa kati ya Manchester United na Chelsea huko Moscow, na tena kwa takriban miezi mitatu kuanzia Desemba 2009. Wenye jenereta ndio walioweza kuonesha mechi, na waliobaki walitegemea redio za betri.

== Njia za kuziba pengo ==

Vituo hutumia njia kadhaa wakati ligi imesimama:
* kurudia mechi za zamani, hasa fainali na mechi za watani;
* kununua ligi ya nchi nyingine inayoendelea;
* kuonesha michezo mingine, kama ngumi au mpira wa kikapu;
* kuonesha ligi za madaraja ya chini au mashindano ya mitaani;
* vipindi vya mjadala kuhusu mgogoro wenyewe.

Marudio huvuta watu kwa siku chache tu, kwa kuwa matokeo yanajulikana. Njia ya kununua ligi nyingine hufanikiwa pale ambapo watazamaji wamezoea kufuata ligi nyingi, kama Afrika Mashariki. Kwa hiyo mgomo wa Hispania au Italia husumbua banda la Unguja kidogo tu, lakini kusimama kwa ligi ya Uingereza au kuahirishwa kwa mechi ya Simba na Yanga hugusa mapato ya wikendi nzima.