Umemaliza kidato cha sita: bado unaweza kuingia kwenye timu ya roboti ya wanafunzi?

Kila mwaka, mitihani ya kidato cha sita ikiisha mwezi Mei, vijana wengi kutoka mikoani huja Dar es Salaam kwa ndugu kusubiri matokeo. Wengine wanafikia Kariakoo, wanamsaidia mjomba dukani au wanakaa karibu na fundi simu wajifunze. Huko ndiko wanakosikia habari za timu za roboti za shule za mjini na mashindano ya nje ya nchi. Swali linakuja: mimi nimeshamaliza shule, wananipokea?

Jibu linategemea shindano lenyewe. Kila moja lina kipimo chake, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa.

Tuanze na FIRST Global Challenge, ambalo kila nchi hupeleka timu moja ya taifa. Lilianza mwaka 2017 Washington, Marekani, na tangu hapo limefika Mexico City, Dubai, Geneva, Singapore na Athens. Linalenga vijana wa miaka 14 hadi 18. Kwa Mtanzania hiki ni kipimo kigumu. Piga hesabu: mtoto aliyeanza darasa la kwanza akiwa na miaka 7, akasoma miaka saba ya msingi na minne ya sekondari, anamaliza kidato cha nne akiwa na miaka 17 hivi. Kidato cha sita anakimaliza akikaribia 20. Na vijijini wapo walioanza shule na miaka 8 au 9 kwa sababu ilikuwa mbali. Maana yake umri unaweza kukutoa hata kabla hujamaliza shule. Mwalimu anayetafuta wachezaji wa shindano hili afadhali aangalie kidato cha pili na cha tatu.

FIRST Robotics Competition, la roboti kubwa, lina kipimo kingine. Nalo kwa kawaida ni la vijana wa miaka 14 hadi 18, lakini kanuni zake zinamtaja mwanafunzi kuwa ni mtu ambaye hakuwa amemaliza sekondari kufikia tarehe 1 Septemba kabla ya msimu kufunguliwa. Msimu hufunguliwa Januari. Aliyemaliza kidato cha sita Mei ameshatoka, hata kama matokeo yake yametoka juzi. Aliyefanya mtihani wa kidato cha nne Novemba bado anahesabiwa ni mwanafunzi kwa msimu wa Januari inayofuata, kwa sababu tarehe 1 Septemba alikuwa bado darasani.

World Robot Olympiad linatazama mwaka wa kuzaliwa. Kundi la juu la wanafunzi ni miaka 14 hadi 19, na unahesabiwa umri utakaofikisha ndani ya mwaka wa shindano, si ulionao siku yenyewe. Aliyezaliwa Desemba 2006, akishindana Novemba 2026, siku hiyo bado ana miaka 19. Lakini mwaka huo anatimiza 20, basi hayumo. Hata hivyo shindano hilo lina kundi la magari yanayojiendesha ambalo limekuwa likipokea vijana mpaka miaka 22, na timu ni ya watu wawili au watatu tu. Kwa mhitimu wa kidato cha sita, tunaona huu ndio mlango ulio wazi zaidi. Soma kanuni za mwaka husika kabla ya kununua kifaa chochote, maana hubadilika.

Kumbuka pia kwamba wahitimu wa kidato cha sita huitwa JKT baada ya mitihani. Ukipangiwa kambi, mwambie kiongozi wa timu mapema.

Umri ukiwa umepita

Usiguse cheti cha kuzaliwa. Tunalisema hili kwa sababu ushauri wa "punguza miaka miwili tu" upo mitaani. Tarehe ya cheti cha RITA itakutana na ya pasipoti na ya cheti cha shule, na timu nzima inaweza kuondolewa kwa ajili yako. Vilevile mtu akidai hela akuingize kwenye timu ya taifa, nenda kwanza ukaulize shuleni kwake au kwa waandaaji.

Njia halali ni kurudi kama mlezi wa timu. World Robot Olympiad linataka kocha awe ametimiza miaka 18. Kwenye FIRST Robotics Competition mlezi mmoja anaruhusiwa kusimama na timu uwanjani kama kocha, ila roboti inaendeshwa na wanafunzi. Si kazi ndogo. Kijana aliyekaa miezi mitatu na fundi simu Kariakoo anajua kulehemu waya, kupima betri na kutoa mota kwenye printa mbovu, mambo ambayo mwalimu wa fizikia huenda hajawahi kuyafanya kwa mikono. Vyuma vinapatikana kwa mafundi wa Gerezani. Shule za Azania, Jangwani na Benjamin Mkapa haziko mbali. (Betri ya simu iliyovimba usiinunue, hata kwa bei ya bure.)

Na aliyeishia kidato cha nne asidhani habari imekwisha. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, iliyopo makutano ya barabara ya Morogoro na Bibi Titi Mohamed, inapokea wahitimu wa kidato cha nne kwa stashahada za uhandisi, zikiwemo za umeme, elektroniki na mitambo. Ukiwa chuoni, mashindano yanayokuhusu ni ya vyuo, na huko hakuna anayekuuliza ulimaliza sekondari lini.

Kabla ya kupanda basi kuja mjini, hakikisha una cheti cha kuzaliwa, ambacho unaweza kukiomba ofisi ya wilaya, na barua ya shule inayoonyesha tarehe uliyomaliza.