Kumtambua Nyoka Kabla ya Kumshika

Mvulana mmoja wa darasa letu alituletea nyoka mdogo ndani ya debe, akasema ataka kumfuga, kwa kuwa huyu ni mla mayai, naye hana sumu. Tukamwuliza, "Umejuaje, mwanangu?" Akajibu, "Kwa rangi yake, Mwalimu." Jibu hilo lilitutia hofu kuliko nyoka mwenyewe, likatukumbusha habari za watu waliojua nyoka sana kuliko sisi.

Mla mayai hana sumu kweli, wala hana meno ya kutisha. Lakini ana mabaka mgongoni kama ya vipiri wadogo, naye akiogopa hujikunja na kusugua magamba yake, ikatoka sauti kama kifutu anayepumua kwa hasira. Kwa hila hiyo huokoka na maadui wake. Basi kama yeye afanana na kipiri, kipiri naye afanana na yeye, na rangi peke yake haiwezi kuamua shauri.

Milima yetu ya Iringa na Mbeya ilitafutwa nyoka zamani. Bwana Arthur Loveridge, Mwingereza, alifika Nairobi mwaka 1914 kuitunza nyumba ya makumbusho, baadaye akawa msaidizi wa Bwana Nyama katika Tanganyika, na mwaka 1924 akaenda Marekani kufanya kazi katika makumbusho ya wanyama ya chuo cha Harvard. Akarudi huku kutafuta wanyama wa milimani, na mwaka 1930 akaandika habari za kipiri aliyepatikana Dabaga, katika milima ya Udzungwa, ambaye mabingwa wa elimu ya wanyama walikuwa hawajamwandika bado. Akampa jina la Thomas Barbour, mkuu wa makumbusho yale. (Twadhani wakulima wa Dabaga walikuwa wakimwona penye majembe yao zamani sana kabla ya mwaka huo.) Ni nyoka mfupi, urefu wake haufiki nusu mita.

Katika maandiko hayo Bwana Loveridge alimwita kipiri wa mtini, kwa sababu ndugu zake wengi hukaa mitini. Waliokuja baadaye walimkuta chini, penye majani na vichaka, na chakula chake ni nyungunyungu na konokono wasio na nyumba. Mwaka 1965 mabingwa wawili wakamtenga katika jamaa ya peke yake. Baadaye wengine wakamrudisha kwa ndugu zake. Hivi ndivyo ilivyo kazi ya kumtambua nyoka, hata akiwa amekufa na kuwekwa mezani ndani ya chupa.

Ubishi huo haukumwua mtu. Lakini mwezi Septemba mwaka 1957, huko Chicago, Karl Schmidt aliletewa nyoka mchanga kutoka bustani ya wanyama ili aseme ni nyoka gani. Alikuwa nyoka wa mtini wa Afrika, mwenye macho makubwa na kichwa kifupi, ambaye yuko hata Tanzania. Schmidt alidhani huenda ndiye, lakini gamba moja la chini lilikuwa si kama alivyotazamia, akaona shaka. Huku akishangaa, akamshika mkononi. Nyoka akamwuma kidole gumba. Yeye akaandika katika daftari lake yote aliyoyasikia mwilini, saa kwa saa, na kesho yake akafa. Sumu ile huzuia damu isigande, wala haiumizi sana mwanzoni. Ndiyo sababu humdanganya mtu. Mwaka 1975 Robert Mertens wa Frankfurt, bingwa mwingine mkuu, akafa siku 18 baada ya kuumwa na nyoka mwembamba kama kijiti. Huyo hakuwa mgeni kwake, alikuwa akimfuga.

Labda msomaji atasema, siku hizi iko dawa ya sindano. Iko, lakini si moja kwa wote. Mwanzoni mwa karne ya 20 Vital Brazil, daktari wa São Paulo, alionyesha ya kuwa dawa iliyotengenezwa kwa sumu ya jamii moja ya nyoka haifai kwa jamii nyingine. Nyoka aliyemwua Schmidt ana dawa yake mbali, itengenezwayo Afrika Kusini. Yule mwembamba kama kijiti hana dawa, wala vipiri wa msituni, jamaa ya huyo wa Dabaga, hawajatengenezewa yao.

Hata hivyo wako watu watakao kuwafuga. Mwaka 2011 Menegon, Davenport na Howell waliandika habari za kipiri mwingine wa Nyanda za Juu Kusini, mweusi na manjano, mwenye magamba kama pembe juu ya macho, wakampa jina la binti wa mmoja wao. Jina la msitu wake walilificha, wasije wafanya biashara ya nyoka wakamwinda mpaka aishe.

Mvulana wetu alisema anajua kumshika nyoka shingoni. Tukamweleza habari za yule mdogo mweusi akaaye udongoni, ambaye hutoa jino lake kando ya kinywa bila kukifumbua. Amshikaye shingoni huchomwa vilevile. Akanyamaza.

Tukachukua debe mpaka porini, tukalilaza kwa mti mrefu, tukasimama mbali. Nyoka akatoka, akajikunja, akasugua magamba. Mvulana akanong'ona, "Mla mayai." Mzee mmoja aliyekuwa akipita njiani akasema, "Mtoto wa kifutu huyo." Wakabishana mpaka nyoka alipoingia majanini, nasi hatukumfuata.