Maradhi ya Akili Mbeya na Iringa: Mabadiliko ya Tiba na Hukumu Zake

 

Ndugu zetu wa Mbeya na Iringa hutuuliza: je, kumpeleka hospitali mgonjwa wa akili ni udhaifu wa imani? Tunajibu: hapana. Ufafanuzi ni huu.

Hali ilivyokuwa

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mtafiti Mmarekani Robert Edgerton aliwahoji Wahehe wa Iringa kuhusu wazimu. Dalili walizijua vizuri, ila chanzo wengi walikihusisha na uchawi. Mwaka 1971 aliandika habari za mganga wa Kihehe aliyechanganya ramli na dawa za miti. Hospitali kubwa ya maradhi haya ilikuwa Mirembe, Dodoma, iliyoanza miaka ya 1920. Kutoka Tukuyu ni safari ndefu. Asiye na nauli alibaki kwa mganga, au nyumbani amefungwa kamba.

Yaliyobadilika

Miaka ya 1980 Serikali ilianza kuingiza huduma hii katika vituo vya afya vya kawaida, kwa majaribio Morogoro na Kilimanjaro, kisha ikaenea. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ikaiondoa ile ya kikoloni. Leo hospitali za rufaa za Mbeya na Iringa zinawatibu wagonjwa hawa, na wengi hunywa dawa wakiwa kwao. Hata neno "kichaa" linaanza kuachwa.

Kilichobaki ni aibu. Tena Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, hivyo baadhi ya familia humficha mgonjwa anayehitaji msaada wa haraka.

Hukumu

1. Kutafuta tiba kumeamrishwa. Katika Hadiyth ya Usaamah bin Shariyk (Abu Daawuud na At-Tirmidhiy), Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ameeleza kuwa kila ugonjwa umewekewa dawa isipokuwa uzee.

2. Ruqya kwa Qur-aan na du'aa inajuzu, pamoja na dawa. Msomaji anayeamrisha dawa ziachwe asitiiwe.

3. Kumpiga mgonjwa kwa madai ya kutoa jini, kumfunga minyororo au kumnyima chakula ni dhulma.

4. Kwenda kwa mpiga ramli ni haramu, hata kwa aliyekata tamaa.

5. Aliyepotewa na akili kalamu imeinuliwa kwake mpaka apate fahamu. Mwenye sonona, akili yake ikiwepo, ataswali kwa kadiri ya uwezo wake, wala asiambiwe kuwa ana imani haba.

6. Kujiua ni haramu. Lakini anayetamka kutaka kufa asikemewe: asiachwe peke yake, afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Tunawanasihi maimamu wayaseme haya kwenye khutba, kwani familia nyingi humwendea imamu kabla ya daktari.

Wa-Allaahu A'alam.