Fuvu na Kola ya Shingo

Msomaji, papasa kichwa chako. Chini ya ngozi pana fuvu, gumu kama chungu, na ndani yake mna vitu vitatu: ubongo, damu, na maji yauzungukayo ubongo. Mwaka 1783 Alexander Monro, aliyefundisha utabibu Edinburgh huko Scotland, alieleza kwamba chungu hiki hakitanuki. Mwaka 1824 George Kellie, tabibu wa bandari jirani ya Leith, alichunguza maiti akamuunga mkono. Basi kimoja kikizidi, hapana budi kingine kipungue. La sivyo shinikizo hupanda na ubongo hukosa damu. Hayo ndiyo yampatayo mtu aliyegongwa kichwa, damu ikavujia ndani au ubongo ukavimba.

Sasa gusa shingo. Sehemu kubwa ya damu itokayo kichwani hushuka kwa mishipa iliyo pande zake mbili, nayo ni laini, hubanika upesi. Mwaka 1916 Hans Queckenstedt, tabibu Mjerumani, alimchoma mgonjwa sindano kiunoni yalipo maji ya uti wa mgongo, kisha mishipa ya shingo ikabanwa. Maji yakapanda katika kipimo. Shingo ilipoachiwa, yakashuka. Yeye alitaka kujua kama njia ya maji imeziba, wala hakuwa akiwawazia waliopasuka vichwa.

Katika nusu ya pili ya karne ya 20 ikawa desturi katika nchi nyingi kumvika kola ngumu majeruhi wa ajali kubwa. Nia ilikuwa njema, kwani pingili za shingo zilizovunjika zikisogea zaweza kuponda neva zipitazo ndani yake, mtu akapooza maisha yake yote. Lakini katika miaka ya 1990 madaktari waliopima shinikizo vichwani mwa wagonjwa waliona kuwa kola ikifungwa lapanda, kwa wastani, kadiri ya milimita 4 au 5 za zebaki. Kwa mtu mzima mwenye afya, ambaye shinikizo lake kwa kawaida halipiti 15, si neno. Kwa aliyekwisha kufika 20, je? Nami hustaajabu, maana kipimo cha Queckenstedt kilikuwa kimekwisha kuyasema hayo zaidi ya miaka 70 kabla.

Shingo haikuachwa bila ulinzi kwa sababu hiyo. Hospitalini huwekwa sawasawa bila kupinda, upande wa kichwani wa kitanda ukainuliwa pembe ya nyuzi 30 hivi. Na picha zikionyesha pingili ni nzima, kola hufunguliwa mara moja.