Wiano, Wala Si Mantiki

Kuna kitini cha hisabati kinachopita mikononi mwa walimu hapa Sagana kilichoandika, bila haya, "nambari zenye mantiki" na "nambari zisizo na mantiki". Mfasiri wake alikutana na neno la Kiingereza, rational, akakimbilia maana ya kwanza iliyomjia. Hebu aniambie: kipeuo cha pili cha 2 kimekosa mantiki gani? Kina mahali pake kamili kati ya 1.41 na 1.42, na ni mantiki hiyohiyo iliyothibitisha kwamba hakiandikiki kama sehemu ya nambari nzima mbili.

Mkanganyiko wenyewe ni mkongwe. Wagiriki walikuwa na logos, neno lililobeba usemi, akili na uwiano kwa pamoja. Kilatini kikaweka ratio, nalo likabeba hesabu, akili na uwiano. Euclid, katika kitabu cha 10 cha Elements, anashughulikia urefu usio na kipimo cha pamoja. Akili ya mtu haimo. Waarabu wakaziita nambari za namna hiyo asamm, yaani kiziwi, Walatini wakafasiri surdus, na hapo ndipo ilipotoka surd inayomtoa jasho mwanafunzi wa kidato cha tatu. Yupo mwandishi mwenzangu anayeshikilia tuseme "nambari viziwi", akijitetea kwa nambari tasa. Historia anayo. Lakini utasa unaeleza jambo, kwamba nambari hiyo haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Uziwi haumwelezi mtoto lolote kuhusu uwiano.

Nasi neno tunalo. Kutokana na -wa tuna -wia, ambalo pia ni kuwa na haki ya kudai: namwia fulani shilingi mia. Tia -na ya kutendana, upate -wiana, vitu viwili kuwa na haki kila kimoja kwa mwenziwe. Fundi wa Sagana akitaka kujua kama kona ya fremu iko skweya, hupima sentimita 60 upande huu, 80 upande ule, kisha hutarajia tepu isome 100 kati ya alama mbili hizo. Vipimo hivyo vinawiana, 3 kwa 4 kwa 5. Sasa mpe ubao wa mraba wa mita 1, apime mshazari wake. Tepu itasoma sentimita 141 na milimita 4 na ushee, na hata ukiigawa milimita mara milioni hutapata kipande kinachoingia kamili katika upande na katika mshazari pia. Viwili hivyo haviwiani.

Ndiyo maana nasema nambari wiano na nambari zisowiana. Kamati moja niliyoiandikia ilinijibu kwamba -so- ni ya washairi, wakapendelea "nambari zisizokuwa na sifa ya uwiano". Maneno sita! Watu wa pwani husema asojua na isofaa sokoni, hawatungi shairi. Mwalimu hawezi kuandika sentensi ubaoni kila anapohitaji istilahi.

Kuhusu matumizi: 7, -3, 0.25 na 0.333... ni wiano, π ni nambari isowiana, kama Johann Lambert alivyothibitisha katika miaka ya 1760. Ile 22/7 ya mitihani ni wiano, na huachana na π kwenye tarakimu ya tatu baada ya nukta.