Kura Moja ya Chake Chake

Waandishi wa historia ya siasa ya Unguja na Pemba huanzia mjini, kwenye ofisi za vyama na hotuba za wakubwa. Yafaa mara moja tuanzie katika jimbo dogo la uchaguzi, tuzitazame kura zake, kisha tuulize zilipigwa kwa nini. Jimbo hilo ni Chake Chake, kisiwani Pemba, na uchaguzi wenyewe ni ule wa Januari 1961.

Viti vilivyogombewa vilikuwa 22. Afro-Shirazi walipata 10, Hizbu, yaani ZNP, wakapata 9, na ZPPP wakapata 3. Miongoni mwa viti 10 vya Afro-Shirazi kimoja kilikuwa cha Chake Chake, nacho kilipatikana kwa kura moja tu. Lau mtu mmoja angaligeuza nia yake njiani, chama hicho kingalikosa ushindi huo. Baadaye wajumbe watatu wa ZPPP waligawanyika, wawili wakaenda kwa Hizbu na mmoja kwa Afro-Shirazi, ikawa 11 kwa 11. Hapakuwa na serikali iliyoweza kuundwa. Ikabidi watu wapige kura tena Juni mwaka uo huo, baada ya kuongezwa kiti kimoja Pemba. Na katika ghasia zilizozuka Unguja wakati huo watu 68 waliuawa.

Wako wanaosema kwamba kila mtu alifuata kabila lake. Pemba yaikataa hoja hiyo. Washirazi wengi wa huko walikuwa na mikarafuu yao wenyewe, wakakaa na Waarabu kwa ujirani na kuoana. Kilio cha mkulima akaaye katika shamba la mtu mwingine, kilichokuwa kikubwa Unguja, hakikuwa na uzito ule ule kwao. Mohammed Shamte na Ali Sharif, walioshinda viti viwili vya Pemba mwaka 1957, waliingia Afro-Shirazi, kisha mwaka 1959 wakatoka na kushiriki katika kuanzisha ZPPP. Watu wa asili moja, wa dini moja na wa zao moja waligawanyika mafungu. Ndiyo maana Chake Chake iliweza kukatika karibu katikati.

Jambo la pili ni wingi wa wapiga kura. Katika chaguzi zote mbili za 1961, zaidi ya watu tisa katika kila kumi walioandikishwa walikwenda kupiga kura. Mtu aweza kuisifu hesabu hiyo kuwa dalili ya watu waliokomaa kisiasa. Lakini tukumbuke yaliyotokea baada ya uchaguzi wa 1957. Wafuasi wa vyama walisusiana maduka na mabasi; wakulima walifukuzwa mashambani kwa sababu ya chama; hata misikiti na mazishi havikusalimika. Katika hali hiyo, kukaa nyumbani siku ya kura hakukumfanya mtu awe nje ya ugomvi. Wengi walikwenda kwa matumaini, lakini hapana shaka wengine walikwenda kwa hofu ya kutawaliwa na jirani. Sanduku la kura hupokea yote mawili wala halitofautishi.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini hesabu ya kura na hesabu ya viti hazikupimwa kwa kibaba kimoja. Mwezi wa Julai 1963 Afro-Shirazi walipata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini viti 13 tu katika 31. Hizbu na ZPPP, kwa viti vyao 18, wakaunda serikali. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963, na mapinduzi tarehe 12 Januari 1964. Vyama vingi havikushindana tena mpaka mwaka 1995, na mwaka huo viti vyote 21 vya Pemba vilikwenda kwa CUF, chama cha upinzani.

Basi mwanafunzi wa historia asitosheke kusoma kwamba watu wengi walipiga kura. Aulize pia kama aliyeshindwa aliweza kurudi kwake salama, akauza karafuu zake, akazikwa na majirani. Pale ambapo kushindwa ni kupoteza haya yote, kura moja huwa nzito mno, na wingi wa wapiga kura huweza kuwa kipimo cha hofu yao.